Viwanja kwanza au ramani kwanza? Vijiji vya Kibaha na swali la nyumba mpya ziende wapi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Sensa ya 2022 ikakuta watu 2,024,947. Ni ongezeko la asilimia 84 ndani ya miaka 10. Katika muda huohuo Dar es Salaam iliongezeka kwa asilimia 23 hivi, kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Jiji bado linajaa, lakini wengi wanaotafuta pa kujenga wamekwishavuka mpaka wa mkoa na kuja Pwani.

Wanaokaa kando ya Barabara ya Morogoro waliliona hilo kabla ya makarani wa sensa kufika. Kiluvya ilijaa, Kibaha ikajaa, zikafuata Visiga na Mlandizi. Sasa zamu imefika kwa vijiji vilivyo ndani zaidi, na sababu kubwa ni reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024. Kati ya stesheni za njiani, mbili ziko kwenye eneo hili: Soga na Ruvu. Halafu Julai 31, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, na jirani yake kuna eneo kubwa lililotengwa kwa viwanda. Dereva wa lori, mpakuaji mizigo, fundi wa kiwanda, mama lishe na mwalimu wa watoto wao wote watahitaji pa kulala.

Kwa hiyo kubishana kama nyumba zitakuja au hazitakuja ni kupoteza muda. Zinakuja. Kilichobaki ni kuamua zikae wapi, zikae vipi, na nani abaki na nini zikishajengwa. Tuangalie njia zilizopo mezani, moja baada ya nyingine. Msikilizaji mwenye ekari 2 za mihogo na mikorosho michache, makala hii inakuhusu kuliko inavyomhusu dalali.

Njia ya miguu 20 kwa 20

Njia ya kwanza ndiyo inayoendelea sasa hivi wakati unasoma hapa. Mwenye shamba ana shida ya fedha. Mtoto amechaguliwa kwenda chuo, au mgonjwa yuko hospitali. Anakuja mnunuzi, wanatembea shambani, wanahesabu miguu 20 huku na miguu 20 kule, wanapanda minyaa au mlonge kwenye kona nne, kisha wanaandikishana mbele ya mwenyekiti. Mguu, kwa kweli, si mita. Mguu wa dalali mrefu na mguu wa mzee mwenye goti bovu vinatoa viwanja viwili tofauti, na kesi nyingi za mipaka huanzia hapo.

Tusiidharau njia hii. Ina haraka. Mtu wa kipato cha chini anapata pa kuanzia bila kujaza fomu, na mwenye shamba anapata fedha siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa hivyo. Shida yake inaonekana polepole. Mnunuzi wa kwanza anaacha kinjia cha kupita. Wa tatu anakibana. Wa sita anajenga ukuta. Mwaka wa kumi gari la zimamoto halipiti, gari la kunyonya choo halipiti, na mjamzito anabebwa kwenye bodaboda hadi barabarani. Mtu anapouza mguu kwa mguu hakuna anayeacha eneo la shule, la zahanati wala la kuzikia, kwa sababu hakuna mwenye shamba mmoja anayeona kuwa hilo ni jukumu lake.

Baadaye ndipo huja urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi ambayo tayari yamejengwa. Kimara na maeneo mengine ya Dar es Salaam yamepitia zoezi hilo, na kazi ngumu kuliko zote humo ni kumwomba mtu avunje ukuta au aachie mita mbili ili njia ipite. Mita mbili za shamba la mihogo unaweza kuziomba kwa kikombe cha chai. Mita mbili zilizoshikwa na baraza la nyumba ya mtu ni ugomvi wa miaka.

Na kuna hasara nyingine isiyotajwa sana wakati wa kuuziana: kujenga pasipojengeka. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wengi wa waliobomolewa walikuwa na karatasi za mauziano mikononi. Karatasi iliyogongwa muhuri mbele ya mwenyekiti inathibitisha kwamba mlikubaliana kuuziana. Haithibitishi kwamba mahali hapo panaruhusiwa nyumba. Huku kwetu kuna hifadhi ya barabara, hifadhi ya reli ya zamani na ya SGR, njia za nguzo kubwa za umeme, mabomba makubwa ya maji, na Mto Ruvu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali akikuonyesha kiwanja chenye upepo mzuri wa mto, pima mita 60 kwanza.

Mtu mmoja anaponunua kijiji kizima

Njia ya pili imeshika kasi miaka ya karibuni. Kampuni au mtu mwenye mtaji ananunua mashamba yanayopakana, ekari 20 au 50, anaita wapimaji, anachonga barabara kwa greda, kisha anauza viwanja kwa malipo ya kidogokidogo. Mabango yake umeyaona.

Faida ipo. Barabara zinakuwepo kabla ya nyumba, na mnunuzi anaonyeshwa mchoro. Ila uliza maswali mawili. La kwanza, mchoro huo umeidhinishwa na halmashauri, au ni picha nzuri tu ya kompyuta? La pili, eneo la shule na la soko ndani ya mchoro limeandikwa kwa jina la nani? Eneo la wazi lisilokuwa na mwenyewe anayejulikana huwa kiwanja cha mwisho kuuzwa.

Kwa kijiji, njia hii ina kasoro ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Ongezeko la thamani lote linakwenda kwa aliyenunua ekari. Mzee aliyeuza shamba zima anapata bei ya shamba. Mwaka unaofuata analiona shamba lake likiuzwa kwa bei ya viwanja, na yeye amehamia mbali zaidi, ambako pia madalali wamekwishafika.

Halmashauri inaponunua, kupima na kuuza

Dar es Salaam ilijaribu njia ya tatu kwa ukubwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002. Serikali ililipa fidia wenye mashamba pembezoni mwa jiji, ikapima, ikauza. Kibada, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na Mbweni ni matunda yake, na hatimaye viwanja vilivyopatikana vilizidi idadi ya jina la mradi. Leo ukipita Kibada unaona barabara zilizonyooka na viwanja vyenye namba. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini wengi waliokuwa wakulima wa maeneo hayo hawakuweza kununua viwanja vilivyopimwa juu ya mashamba yao wenyewe. Walichukua fidia wakasogea mbele. Na baadhi ya viwanja vilikaa vichaka kwa miaka, kwa kuwa walionunua walikuwa na nyumba nyingine na waliweka akiba tu. Jiji likapata ramani nzuri yenye mapengo, huku wasio na uwezo wakijenga holela mbele ya ramani.

Halmashauri za leo nazo zinahitaji mtaji kwanza. Mwaka wa fedha 2021/22 Wizara ya Ardhi ilitenga mikopo ya shilingi bilioni 50 kwa halmashauri kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha. Mkopo lazima urudi, kwa hiyo halmashauri inasukumwa kuuza haraka na kwa bei inayolipa. Mwananchi wa kipato cha chini hayuko mbele kwenye foleni hiyo.

Wenye mashamba wanapopanga pamoja

Njia ya nne ni hii: wenye mashamba wanaopakana wanakubaliana kupanga kabla ya kuuza. Kila mmoja anaachia sehemu ya shamba kwa ajili ya barabara na huduma, kinachobaki kinapimwa viwanja, na viwanja vinarudi kwa wenyewe kulingana na ukubwa wa shamba la kila mtu. Gharama za mpimaji zinaweza kulipwa kwa viwanja vichache badala ya fedha taslimu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mzee ana ekari 4. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ana zaidi kidogo ya mita 16,000. Toa asilimia 30 za barabara, shule na eneo la wazi. Zinabaki mita 11,300 hivi, sawa na viwanja 28 vya mita 20 kwa 20. Tuseme 8 vinakwenda kwenye gharama za upimaji na kuchonga barabara. Anabaki na viwanja 20. Kama ekari ghafi ingeuzwa milioni 6, angepata milioni 24 kwa mkupuo na shamba limekwisha. Kama kiwanja kilichopimwa kinauzwa milioni 2, anapata milioni 40, tena anauza viwili mwaka huu kwa ada ya chuo na kubaki na vingine. Bei hizo ni za mfano, weka za kijijini kwako. Kinachobaki palepale ni utaratibu wa hesabu: anayeachia asilimia 30 bila fidia anaweza kuondoka na fedha nyingi kuliko anayeuza yote.

Ugumu wake ni watu. Jirani mmoja akikataa, barabara inakatika katikati. Familia yenye mgogoro wa mirathi haiwezi kusaini chochote hadi mgogoro uishe, na vijijini mashamba mengi bado yako kwa jina la babu. Viwanja navyo haviuziki vyote siku moja. Mwenye mgonjwa hospitali hawezi kusubiri mchoro uidhinishwe, na huyo ndiye atakayeuza miguu 20 kwa 20 jioni ya leo. Mpango wowote unaosahau shida za ghafla za watu utavunjwa na shida hizo. Kikundi cha kuweka na kukopa kilicho hai kijijini kinaweza kuokoa barabara nyingi kuliko sheria ndogo.

Hata hivyo, nikilinganisha njia zote nne, hii ndiyo pekee inayomwacha mwenye shamba akiwa bado na kitu baada ya mji kufika. Lakini ina sharti moja: iamuliwe mapema wapi pawe viwanja na wapi pabaki mashamba.

Ekari 216 za mihogo

Watu wa vijijini tunapenda nafasi. Mtu akijenga anataka robo ekari apande mwembe, afuge kuku, na mjukuu apate pa kujenga. Hakuna ubaya. Ila tupige hesabu ya kijiji kinachotarajia nyumba mpya 1,000, idadi isiyo ya ajabu karibu na stesheni au bandari kavu.

Kila nyumba ikipata robo ekari, ni ekari 250 za viwanja. Ukiongeza barabara na huduma kwa kiwango kilekile cha asilimia 30, inakuwa ekari 357. Nyumba hizohizo kwenye viwanja vya mita 20 kwa 20 zinachukua ekari 99, na pamoja na barabara na huduma ni ekari 141. Tofauti ni ekari 216. Hizo ni mihogo, korosho, maembe na malisho vinavyoendelea kuwepo. Pia nguzo za umeme na bomba la maji vinakuwa vifupi, kwa sababu nyumba ziko karibu.

Kuna gharama yake, na ni lazima isemwe. Kwenye robo ekari unaweza kuchimba choo kona hii na kisima kona ile. Kwenye mita 20 kwa 20, choo chako kiko jirani na kisima cha mwenzako. Viwanja vidogo bila maji ya bomba ni kuita magonjwa ya matumbo. Maji ya Mto Ruvu yanachukuliwa Ruvu Juu, hapo Mlandizi, kwenda jijini, na wakazi wa vijiji vya jirani wana kila sababu ya kuuliza bomba la kwao linafika lini kabla ya kukubali nyumba kubanana.

Maoni yangu ni kwamba viwanja vidogo vikae karibu na stesheni, barabara kuu na vituo vilivyopo, ambako bomba linaweza kufika mapema. Robo ekari ibaki pembezoni, na mashamba na mabonde yaandikwe mashamba na mabonde. Asiyetaka kubanana ana pa kwenda, na anayetaka kuwahi treni asubuhi ana pa kukaa.

Kabla kijiji hakijageuka mtaa

Hapa ndipo penye muda mfupi, na naomba usome taratibu.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakiruhusu kijiji kuandaa mpango wake: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu. Mnunuzi kutoka nje naye anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, mambo hubadilika. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mtaa una mwenyekiti na mikutano yake, lakini hauna mamlaka ya ardhi kama ya mkutano mkuu wa kijiji. Haki yako ya shamba haifutiki siku hiyo. Likitwaliwa unastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kinachohama ni kalamu ya kupanga. Inatoka kwenye mkutano wenu chini ya mwembe na kwenda ofisini halmashauri.

Gharama nazo hubadilika. Wengi wanakumbuka malalamiko ya umeme: shilingi 27,000 kuunganishwa kijijini, shilingi 320,960 mjini, na watu waliokuwa wakiishi kwa jembe wakaambiwa ramani inawahesabu kuwa mjini. Kwa hiyo anayekushangilia kwamba mnakuwa mji, mwulize mnakuwa mji kwa huduma zipi na kwa bei zipi.

Viongozi wa vijiji waliopo walichaguliwa Novemba 27, 2024 kwa miaka mitano. Kwa vijiji vilivyo karibu na Soga, Ruvu na Kwala, kipindi hiki kinaweza kuwa nafasi nzuri ya mwisho ya kuandika mpango vikiwa bado vijiji. Sheria inataka mkutano mkuu uitwe walau kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu haujaitwa tangu mwaka jana, anzeni na hilo.

Ukienda kwenye mkutano unaofuata, omba uonyeshwe kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi na umepitishwa lini. Kama upo, uliza mikorosho iliyouzwa mwezi uliopita iko upande gani wa mpango. Kama haupo, pendekeza ajenda moja tu: kuweka alama za barabara kuu za kijiji sasa, kabla ya viwanja, hata kama greda litakuja baada ya miaka mitano. Kwa hilo hamhitaji mkopo wa wizara. Mnahitaji mpimaji wa halmashauri kwa siku chache, mawe ya mipaka, na muhtasari uliosainiwa na wenye mashamba ambayo barabara itapita. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende kwa ofisa ardhi wa wilaya, Mlandizi, na gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye ile mnayobaki nayo.